"Hii haimo kwenye bima, mama"

Dirisha la dawa, hospitali moja hapa Dar es Salaam, saa nne asubuhi. Mama wa makamo, mtandio begani, ameandikiwa dawa tatu. Anapewa mbili. "Hii ya tatu haimo kwenye bima, mama. Utalipia." Anaitazama kadi yake. "Si nakatwa kila mwezi?" Foleni nzima ikaguna, na lawama zote zikaenda kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya.

Leo nautetea Mfuko, najua mjini hapa si kazi ya kukupatia marafiki.

Tupige hesabu. Mtumishi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 anakatwa asilimia 3, na mwajiri anachangia 3 nyingine. Jumla 48,000 kwa mwezi. Kadi hiyo inamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Watu sita. Gawanya: elfu nane kwa kichwa. Anayepanda daladala mbili kwenda kazini na mbili kurudi, elfu nane haimfikishi Ijumaa. Lakini humohumo tunataka itoke hela ya upasuaji, ya kujifungua, na ya mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki. Mwenye afya njema anambeba huyo wa figo, na siku yoyote wanaweza kubadilishana zamu. Kila nikiirudia hesabu hii nashangaa chungu hakijakauka.

Ndiyo maana kuna kitita cha mafao: orodha ya huduma na dawa, kila moja na bei yake. Mfuko unailipa hospitali kwa orodha hiyo, haukurudishii wewe ulichotumia. Dawa zimeorodheshwa kwa jina la asili, yaani jina la dawa yenyewe hata itengenezwe na nani, ilhali daktari mara nyingi anaandika jina la kibiashara, la kiwanda fulani. Hapo ndipo wengi wanaponasa: jina lililoandikwa halimo kwenye orodha, na dirishani hakuna mwenye muda wa kueleza.

Hospitali binafsi nazo zina hoja. Kitita kipya kilipoanza Machi 1, 2024, baadhi yake zilisitisha kupokea wenye kadi, zikisema bei zilizopangwa haziwarudishii hata gharama. Mwenye hospitali analipa umeme, mishahara na vipimo kwa bei ya soko, hilo siwezi kulibishia. Ila waliobeba mzigo siku zile ni wagonjwa waliofika getini wakageuzwa.

Mwanachama naye ana lake, na hapa Mfuko sina cha kuutetea. Anakatwa kabla hajaushika mshahara, lakini mipaka ya kadi yake anaijulia dirishani, akiwa anaumwa, watu nyuma yake. "Hapana" ya Mfuko naielewa. Kuipata umesimama na homa, sielewi.

Yule mama nilimwambia, "Mama, rudi kwa daktari, muulize kama kuna nyingine inayofanya kazi hiyohiyo." Akaenda. Daktari akakata jina moja, akaandika lingine, dakika mbili hazikufika. Mama akarudi na karatasi yake, akakuta foleni imefika mlangoni.