Mwizi wa Kuku

Mimi hutengeneza filamu kwa pesa za mfukoni: kamera ya kuazima, taa moja, na shangazi yangu ambaye ni mpishi, mhasibu na mama wa kila mhusika. Kwa hiyo nilipoambiwa pale River Road, Nairobi, kwamba DVD zangu zinaota vumbi huku za jamaa mmoja zikiisha kama mandazi ya asubuhi, roho iliniuma. Jamaa mwenyewe haonekani. Hahojiwi, hapigwi picha, simu hapokei. Nikaapa nitamwona, hata kama ni kumkodolea macho tu nirudi.

Muuza DVD alikunywa soda zangu mbili ndipo akanong'ona: "Yuko Rongai." Rongai! Ni kama kuambiwa samaki yuko baharini. Nikapanda matatu namba 125 pale Railways, spika iko chini ya kiti changu. Figo zangu bado zinacheza.

Nikamuuliza mama mboga. Akanipima kuanzia viatu, huku akikata sukuma. "Unamdai?" Nikasema mimi ni msanii. Akanihurumia, akanionyesha geti jeusi.

Sijabisha, likafunguka. Kijana mwenye karatasi akafoka, "Umechelewa, buda! Vua shati." Mimi nikifokewa huwa sina maswali. Nikavua. Nikavishwa gunia la viazi kichwani, udongo wake ungalimo, nikakabidhiwa kuku. Kuku mzima, hai, mwenye hasira zake.

"Haya, kamera inaenda!"

Wakanishukia kina mama. "Mwizi! Mwizi wa kuku!" Wengine walikuwa na fagio, ila mmoja alikuwa na mwiko wa ugali, na huyo hakuwa anaigiza. Nilipiga mayowe ya kweli kabisa. Ndipo nikasikia sauti nzito, tulivu: "Huyu anajua kazi. Rudieni."

Tulirudia mara nne. Mara ya tatu kuku alininyea mkononi, naye akasifiwa.

Ndiye alikuwa yeye, hatua tano kutoka nilipolala, nami naona gunia tu. Nilipovuliwa, pikipiki ilikuwa inaishia kwenye kona. Kijana akanitumia mia tano kwa M-Pesa, na ya kutoa juu.

Filamu imetoka. Nimeinunua, tena kwa bei yake. Shangazi alinitambua kwa mgongo. Anasema kwenye zangu sijawahi kuigiza hivyo. Jana aliniuliza kama jamaa ana mpishi.