Mbwa kwenye njia ya reli: tambarare inayodanganya

Kati ya Pittsburgh, Pennsylvania, na Cumberland, Maryland, kuna njia ya kilomita 240 iliyokuwa ya treni na leo ni ya waenda kwa miguu na baiskeli. Inaitwa Great Allegheny Passage. Upande wa kusini ilikuwa mali ya Western Maryland Railway, iliyoacha kupitisha treni hapo mwaka 1975. Kipande cha kwanza cha kutembelea kilifunguliwa Ohiopyle mwaka 1986, na njia nzima ikaunganika mwaka 2013. Mbwa wanaruhusiwa, mradi wafungwe kamba. Ruhusa hiyo, na hasa hiyo kamba, inawagombanisha watu, na kila upande una hoja ya kusikilizwa.

Mwenye mbwa anaanza na ardhi yenyewe. Garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi waliojenga reli hii mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuupanda. Mlima wa Savage waliutoboa handaki la kilomita moja. Bonde la mto Casselman pale Meyersdale waliliruka kwa daraja la Salisbury, lenye urefu wa mita 580 hivi. Matokeo yake ni kwamba hata upande wa Cumberland, ambako ndiko kwenye mwinuko mkubwa zaidi, ukienda mita 100 hujapanda hata mbili. Mbwa mzee mwenye nyonga mbovu, pamoja na mwenyewe mwenye magoti yasiyotaka tena milima, wanaweza kwenda asubuhi nzima. Magari hayapiti. Chini ni changarawe laini ya mawe ya chokaa, haiunguzi nyayo kama lami ya mjini. Kwa hoja hii, hakuna mahali pazuri zaidi pa kumtembeza mnyama.

Mwenye baiskeli anaiangalia tambarare ileile kwa jicho jingine. Kwa kilomita 20 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa hapa, anakata zaidi ya mita tano kila sekunde. Mbwa aliyeona kindi upande wa pili wa njia hangojei kengele. Akiwa huru, anajirusha mbele ya gurudumu. Akiwa kwenye kamba ndefu inayojikunja na kujikunjua yenyewe, ni hatari zaidi, maana kamba nyembamba inakingama njiani na mpanda baiskeli haioni mpaka imfikie. Ndiyo sababu katika hifadhi za jimbo la Pennsylvania, Ohiopyle ikiwemo, kamba haitakiwi kuzidi futi sita, yaani chini ya mita mbili.

Wapo wanaolalamika kwamba kamba ya urefu huo inamnyima mbwa raha ya matembezi. Nawaelewa, pua ya mbwa ndiyo macho yake. Lakini njia hii si ya wenye mbwa peke yao. Pittsburgh ina familia za Wasomali Wabantu waliopitia kambi za wakimbizi za Kenya, na wengi wao ni Waislamu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa pia na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito: mahali yalipogusa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mama anayetembea na watoto wake akirukiwa na mbwa mwenye ulimi nje, mwenye mbwa akapiga kelele kwa mbali kwamba mbwa wake ni mpole, upole huo haumsaidii chochote. Yupo pia aliyewahi kung'atwa utotoni, wa dini yoyote. Kwenye suala hili sioni nusu kwa nusu: kamba fupi ni haki ya wale wengine.

Lakini kuna hoja ya tatu ambayo wagombanao hawaigusi sana, nayo ndiyo inayoniumiza zaidi. Tambarare hii inamdanganya binadamu kuhusu mbwa wake. Kwenye njia ya mlimani mwili wako unakuambia mapema: pumzi inakata, unakaa, naye anakaa. Kwenye njia ya reli huchoki, kwa hiyo unaongeza kilomita, ukisahau kwamba zote lazima zirudiwe. Mbwa hatakuzuia. Atakufuata mpaka aanguke, maana ndivyo alivyoumbwa. Yeye hatoki jasho mwili mzima kama wewe. Anajipoza hasa kwa kuhema, na siku ya joto lenye unyevu la Julai kuhema hakutoshi. Changarawe ile laini nayo, baada ya saa kadhaa, inasugua nyayo zilizozoea zulia la nyumbani.

Maji yako karibu, utasema, mto Youghiogheny uko pale chini. Ni kweli, ila nchi hii ilikuwa ya makaa ya mawe. Kuna sehemu za njia ambako maji yanayovuja kutoka migodi iliyoachwa yamepaka miamba rangi ya chungwa. Beba maji yake, kama unavyobeba yako. Na jioni mkague kupe, masikioni na kwapani. Pennsylvania ni miongoni mwa majimbo ya Marekani yanayoripoti wagonjwa wengi wa Lyme, ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Wengine hujipa moyo kwamba wakichoka watarudi kwa treni, kwa kuwa reli hai bado ipo ng'ambo ya mto na Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya Marekani, inapita. Lakini Amtrak haipokei mbwa anayezidi kilo 9, tena uzito huo unahesabiwa pamoja na kizimba chake. Mwenye mbwa mkubwa harudi kwa treni.

Kwa hiyo nawaunga mkono wanaotaka mbwa waendelee kuruhusiwa, tena kwa moyo wote, ila si kwa sababu wanayoitoa wao. Tambarare hii inafaa kwa matembezi mafupi yenye mwisho unaojulikana kabla ya kuondoka. Kwa mfano, anzia Deal, karibu na Meyersdale, vuka kilele cha njia kwenye mita 729 juu ya usawa wa bahari, pale mvua ya upande mmoja inapoelekea Ghuba ya Mexico na ya upande wa pili Atlantiki. Ingia handaki la Savage, ambalo lina taa lakini hufungwa kwa milango majira ya baridi. Mbwa wengine husita mlangoni; mpe muda, usimvute. Ukitokea kusini, mabonde ya Maryland yanafunguka mbele yako. Mnyweshe hapo, mpapase nyayo moja moja, kisha geukeni.