Wachezaji Wanane, Basi

Timu siitaji, kwa sababu bado nina hasira nayo na sitaki kuifanyia matangazo. Itoshe kusema ilikuwa mbele kwa pointi 12 kipindi cha pili, ikapoteza, na asubuhi kundi letu la WhatsApp la kikapu cha vyuo vya Marekani likawaka moto. Kila mtu profesa. Hukumu ilikuwa moja: kocha ana watu 15, anawachosha wale wale, hana kikosi kipana, afukuzwe. Kaka mmoja ambaye huwa namheshimu, maana amecheza ligi ya Dar na magoti yake yanathibitisha, akaandika kwamba timu kubwa lazima izungushe wachezaji kumi.

Jamani. Hiyo timu ilizungusha kumi! Ndiyo sababu ilifungwa. Nilirudi kuutazama mchezo upya, kwa uchungu. Kocha aliingiza watu wanne kwa mkupuo wakati timu inatiririka, na uongozi ukayeyuka kabla ya tangazo la biashara lililofuata. Wale wa kwanza waliporudi, mpinzani alikuwa ameshapata imani, na imani ya mpinzani haitolewi kwa kufanya sub.

Tatizo letu Waswahili ni kwamba tunafikiri kikapu kwa akili ya mpira wa miguu. Simba na Yanga wanahitaji kikosi kipana kweli: ligi, Kombe la Shirikisho, safari za Afrika, na ukishamtoa mtu hawezi kurudi. Kwenye kikapu mtu anatoka dakika ya 12, anakunywa maji, anasikia maneno mawili ya kocha, anarudi dakika ya 14. Kumpumzisha hakuhitaji jeshi. Kunahitaji mtu mmoja wa kushika nafasi kwa dakika mbili bila kuvunja vyombo.

Tufanye hesabu. Mchezo wa wanaume vyuoni ni dakika 40, vipindi viwili vya 20, watu watano uwanjani, kwa hiyo kocha ana dakika 200 za kugawa. Akiwapa watu kumi sawasawa, kila mmoja anapata 20. Yaani yule kijana bora kuliko wote, ambaye kocha alimfukuzia tangu yuko kidato, akaenda hadi sebuleni kwa mama yake kumsifia mapishi, atatazama nusu ya mchezo akiwa na taulo shingoni. Na kila dakika anayokaa, kuna mtu asiyemfikia anayeicheza badala yake. Kila dakika ya mtu wa kumi imetoka kwa mtu fulani, na mara nyingi imetoka kwa mtu bora.

Chuo cha Kentucky cha msimu wa 2014–15 ndicho mfano ambao sitaacha kuutumia hadi nizeeke. Kocha John Calipari alikuwa na vipaji hadi aibu, akaamua kugawa timu mbili za watu watano watano: kundi hili linatoka, kundi lile linaingia, kama zamu za walinzi. Novemba ilipendeza. Wapinzani walikuwa wanalia. Desemba Alex Poythress akaumia goti, ule mpango ukalegea, lakini tabia ya kugawana ikabaki. Karl-Anthony Towns, ambaye miezi michache baadaye alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti ya NBA, yaani siku timu za ligi kuu ya kulipwa zinapochagua vijana wapya, alicheza wastani wa dakika 21 tu kwa mchezo. Ishirini na moja! Devin Booker hakuanza hata mchezo mmoja msimu mzima.

Najua mtaniambia nini: walishinda michezo 38 mfululizo. Sawa. Walishinda 38. Nami ningeshinda michezo mingi nikiwa na wachezaji sita watakaochaguliwa drafti moja. Swali ni ule wa 39. Tarehe 4 Aprili 2015, nusu fainali ya ubingwa wa taifa wa vyuo, yale mashindano ya mtoano yanayoanza Machi, Indianapolis, Wisconsin ya kocha Bo Ryan, timu isiyopenda kabisa kubadilisha watu. Kentucky walikuwa mbele kwa pointi nne zikiwa zimebaki dakika kama sita na nusu. Halafu wakaanza kutafutana. Mashambulizi matatu mfululizo sekunde 35, ambazo wakati ule ndizo timu ilizopewa kurusha mpira, zikawaishia bila mpira kugusa ringi. Towns, mtu ambaye hakuna aliyeweza kumzuia chini ya kikapu, anaomba mpira, mpira haumfikii. Wisconsin 71, Kentucky 64. Frank Kaminsky wa Wisconsin pointi 20, rebaundi 11, na ukitazama uso wake unaona mtu anayejua kabisa kwamba mpira unakuja kwake na nini cha kuufanyia.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Uchovu hauwezi kuwa sababu pale: Kentucky walikuwa wamepumzishana msimu mzima. Walichokosa ni mpangilio. Timu iliyogawana dakika na mipira kwa haki msimu mzima hufika dakika ya 36 ikiwa na adabu nyingi mno. Kila mtu anampisha mwenzake. Haki ni jambo zuri mahakamani, lakini dakika nne za mwisho zinataka ubaguzi: huyu ndiye wetu, mpeni, tokeni njiani. Na hilo halifundishwi Machi. Linajengwa kwa watu wale wale kukaa pamoja uwanjani Desemba na Januari, wakikosea pamoja, wakitukanana pamoja, hadi pasi inatoka kabla mwenzake hajageuka.

Sasa hiyo hoja ya uchovu. Watu wanaongea kana kwamba vijana wa miaka 20 wanabeba magunia bandarini. Timu ya chuo hucheza michezo kama 30 hivi kabla ya mashindano ya mwisho, kwa kawaida miwili kwa wiki. NBA wanacheza 82, dakika 48 kila mmoja. Halafu kuna televisheni: kila kipindi mchezo unasimama mpira unapokufa baada ya saa, inayohesabu kurudi nyuma, kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4. Hizo ni mara nane, mbali na taimauti za makocha wenyewe, na kila moja ndefu ya kutosha matangazo ya bima, pizza na magari. Sisi tunaotazama saa kumi alfajiri tunajua: unaweza kuchemsha chai, ukaichuja, ukarudi, bado wanauza magari. Mchezaji anayechoka katika hali hiyo ana shida ya mazoezi.

Na kama mnataka kujua binadamu anaweza nini, rudini Machi 12, 2009, Madison Square Garden, mashindano ya ligi ya Big East, Syracuse na Connecticut, muda wa nyongeza mara sita. Hasheem Thabeet wetu, aliyetokea Makongo, alikuwa upande wa Connecticut. Mchezo uliisha saa saba na dakika 22 usiku New York. Kwetu ilikuwa saa mbili na dakika 22 asubuhi, watu wameshafika kazini na wanajifanya wanasoma barua pepe. Syracuse 127, Connecticut 117. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70, akapiga mitupo huru 16 na yote ikaingia. Mtu aliyechoka miguu huonekana kwanza kwenye mtupo huru. Kesho yake wakashinda tena, tena kwa muda wa nyongeza.

Haya, siku ya tatu Louisville ikawapiga 76–66 kwenye fainali. Nilijua mtalileta hilo, nimelitaja mwenyewe tumalizane nalo. Lakini 2011 Connecticut hao hao wa kocha Jim Calhoun walicheza michezo mitano ndani ya siku tano kwenye mashindano hayo hayo ya Big East, nyota wao Kemba Walker akitoka uwanjani kwa nadra, wakashinda yote mitano, kisha wakaenda kuchukua ubingwa wa taifa.

Kinachoua timu yenye watu wachache ni faulo. Usiku ule wa 2009 wachezaji wanane walitolewa kwa faulo tano. Vyuoni unapewa faulo tano, NBA sita, na waamuzi wa Machi wana filimbi za ajabu. Hapa ndipo mtu wa saba na wa nane wanapopata mshahara wao, hasa wale warefu, kwa sababu senta wako anaweza kuwa na faulo mbili kabla hata hujakaa vizuri. (Kuna makocha ambao faulo mbili kipindi cha kwanza zinamfungia mtu benchi hadi mapumziko, hata kama ndiye nyota. Wanamtoa kwa kuogopa asije akatolewa. Mantiki hiyo ningependa siku moja nielezewe na mtu aliyelala vizuri.)

Ndiyo maana nasema wanane. Saba wanaocheza kweli na wa nane anayejua kazi yake. Ushahidi umo kwenye mashindano yale yale ya taifa ya 2015, siku mbili tu baada ya Kentucky kuanguka. Duke ya Mike Krzyzewski ilikuwa imebaki na wachezaji wanane wenye ufadhili wa masomo, baada ya mmoja kuhama Desemba na mwingine kuondolewa kwenye timu Januari. Wanane hesabu kamili, hakuna wa tisa hata ukimtafuta kwa tochi. Fainali dhidi ya Wisconsin, Duke wako nyuma kwa tisa kipindi cha pili, Jahlil Okafor ana matatizo ya faulo, Justise Winslow naye vilevile. Anaingia Grayson Allen, mwaka wa kwanza, mtoto aliyekuwa anapata dakika kama tisa kwa mchezo. Anafunga pointi nane mfululizo za Duke, anamaliza na 16. Duke 68, Wisconsin 63.

Mtaniambia Allen anathibitisha benchi lina thamani. Ndiyo! Benchi la watu watatu. Kila mmoja kwenye mazoezi alikuwa akipambana na wa kwanza kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kupambana nao. Duke wangekuwa na kumi na mbili, Allen angekuwa wapi usiku ule? Labda wa kumi na moja, anapunga taulo.

Kuna Leonard Hamilton, aliyekuwa kocha wa Florida State hadi 2025, na huyu ananisumbua, nakiri kwa shingo upande. Miaka mingi alizungusha watu kumi na zaidi, na msimu wa 2019–20 akachukua ligi ya ACC, timu 26–5. Patrick Williams hakuanza mchezo hata mmoja, kisha akachaguliwa wa nne kwenye drafti. Lakini tazameni alivyofanya: aliwasajili warefu wote, mikono mirefu wote, wanaoweza kumkaba yeyote na kubadilishana wapinzani bila kuulizana. Wa kumi alifanya kazi ile ile ya wa pili. Ni mfumo mzima, umejengwa kwa miaka, na kocha wenu wa kawaida hana huo mfumo. Ana watu kumi tu. Isitoshe, mashindano ya taifa ya 2020 yalifutwa kwa korona, hatukupata kuona mwisho wake. Seneti ya jimbo la Florida ikawatangaza mabingwa kwa azimio. Raha iliyoje kushinda fainali bila kuvua suti.

Grinnell, chuo kidogo kilichojulikana kwa kubadilisha watano kila baada ya muda mfupi, waacheni wafurahie, ule ni mchezo mwingine.

Sababu halisi ya makocha kugawa dakika siku hizi haihusiani na miguu ya mtu. Ni uhamisho. Tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na 2024 hata hicho kikomo cha mara moja kikaondolewa mradi masomo yake yako sawa. Sasa vyuo vinawalipa moja kwa moja pia. Kocha anajua wa tisa asipoonekana Januari, Aprili amekwenda. Basi anamrushia dakika sita, na wa kumi nne, kama mpakuaji wa pilau shughulini anayehofia kusengenywa. Naelewa woga wake, lakini woga wake usiuzwe kwetu kama mbinu. Na yule kijana si mjinga: dakika nne anazijua ni za kumnyamazisha. Aprili anaondoka vilevile.

Novemba chezesheni kumi na wawili, sina neno. Mnacheza na vyuo vidogo vilivyolipwa kuja kwenu, vinachukua hundi na kipigo, hadi mgawa maji aingie. Ikifika Januari nataka mgawo wangu uwe 34, 33, 31, 29, 26, 22, 17, 8. Jumlisheni, ni 200. Hizo nane za mwisho ni za kijana mmoja mwenye kazi moja, iwe kukaba au kurusha kutoka mbali, na anaambiwa Jumatatu ili ajue Jumamosi ataitwa kwa lipi. Kaka yangu wa kundi anayetaka wa kumi aje na mgawo wake kwenye kundi, atuonyeshe dakika hizo amezikata kwa nani.