Maharage ya Darini

Binti yetu alipokuja Lushoto kwa Krismasi alileta sufuria ya presha. Jiko la gesi alishaleta mwaka uliotangulia. Mama yake alilifunika kitambaa na kulipandishia maua ya plastiki. Safari hii mama watoto alipiga kigelegele, akashukuru, kisha akaninong'oneza: "Kwa hiyo maharage niliyowalea nayo yalikuwa mabichi?"

Kwa hesabu, binti alikuwa sahihi. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana maharage ya kuni hula saa tatu. Ndani ya presha joto hupita nyuzi 110. Yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa robo saa. Tatizo, saa tatu za mafigani ndizo mama watoto anazopatia habari zote za mkwewe. Robo saa haitoshi hata kuuliza kama bado anakunywa.

Binti akatoa masharti: yalowekwe, yasipite nusu ya sufuria pamoja na maji, na kijiko cha mafuta kiwekwe kuzuia povu. Mama yake alisikiliza kama tunavyomsikiliza diwani. Binti alipokwenda kumsalimia shangazi yake, mama watoto akajaza robo tatu, makavu, mafuta akayaona ubadhirifu, akaongeza kijiko cha magadi ili yawahi kuiva mtoto akirudi.

Magadi hulainisha ganda kweli, lakini huumua povu. Povu likabeba maganda hadi kwenye kitundu cha mvuke, kikaziba. Kile kizito cha juu kikaacha kucheza.

"Imenyamaza, imeiva," akasema, akatoka kunifuata barazani.

Vali ya usalama ikafanya kazi iliyotengenezewa. Kishindo! Maharage yote yakahamia kwenye silingi bodi.

Binti akakuta mvuke bado unapepea. "Mama, magadi?"

"Hukuniambia nisiweke."

"Nilidhani unajua!"

"Nami nilidhani unajua naweka. Umeyala humu miaka 18!"

Wakanuniana chini ya dari. Punje moja ikabanduka, ikatua begani kwa binti. Mama yake akaiokota, akaitafuna taratibu.

"Imeiva," akasema.

Binti akacheka hadi akakaa sakafuni. Siku hizi akipiga simu kuulizia sufuria, huambiwa inatumika kila siku. Si uongo: ndimo zinamokaa pumba za kuku.