Dodoso la kifafa likifika Mbozi

Mwaka 1949 watafiti nchini Marekani walianza kuwauliza wananchi maswali machache kuhusu kifafa. Ungekataa mtoto wako acheze na mwenye kifafa? Kifafa ni aina ya wendawazimu? Mwenye kifafa aajiriwe kama wengine? Maswali hayo yalirudiwa hadi 1979, yakaigwa katika nchi nyingi, na hata dodoso linalofika leo Rungwe au Kilolo, kusini mwa Tanzania, linaweza kuwa na maswali ya aina hiyo hiyo.

Wanaoyatetea wana hoja nzito. Swali likibaki lile lile, utajua kama watu wamebadilika na wapi bado. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu takriban milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Mganga mkuu wa wilaya anayeomba fedha za fenobabitoni, dawa ya kifafa, na za elimu kwa umma hawezi kwenda na masimulizi matupu. Hapo nakubali kabisa.

Ila tazama swali la "kifafa kinaambukiza?" Jibu lenye alama ni hapana, na ni kweli: ukimshika aliyeanguka, hata povu lake likikugusa, hupati kifafa. Lakini Mbozi na Mbeya Vijijini nguruwe hufugwa sana, na tegu wa nguruwe, mnyoo anayeishi tumboni mwa mtu, yupo. Mtu mwenye tegu akijisaidia vichakani, mayai yakafika kwenye mboga, maji au mikononi mwa watu, anayeyameza anaweza kupata vifuko vya minyoo hiyo kwenye ubongo, kisha akaanza kuanguka. Mkulima anayejibu "ndiyo, kwa uchafu" anaandikwa kuwa hana elimu, kumbe amekaribia ukweli kuliko jirani yake aliyekariri hapana. Kipimo cha namna hiyo kinawadhulumu watu.

Swali la hospitali au mganga wa kienyeji nalo linalazimisha uchaguzi ambao familia nyingi hazifanyi. Dawa ya kituo cha afya inamezwa, na kwa mganga wanakwenda.

Tena mgeni mwenye kalamu na karatasi hujibiwa kwa heshima. Nani atamwambia usoni kwamba anawabagua wagonjwa? Iringa ningeuliza kuhusu ulanzi, pombe ya mianzi: kopo likizunguka kilabuni, anayeanguka kifafa hupokea na kupitisha kama wenzake, au ana kikombe chake pembeni? Atakayesema "hatumtengi" huenda akasita hapo, na kusita huko kuna maana kuliko jibu lake la mwanzo. Kweli, swali la ulanzi halitafaa Zanzibar, na huo ndio udhaifu wake.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba maswali machache ya pamoja yabaki kwa ajili ya kulinganisha, na mengine yatungwe na wenyeji, wagonjwa wakiwemo. Pia tusiishie kwa mkuu wa kaya. Makete baridi ya Juni na Julai huwakusanya watoto kuzunguka moto, na kwa mtoto wa kifafa hapo ndipo penye hatari ya kuungua. Aulizwe mama au bibi anayemlea: ukienda shamba, nani hukubali kubaki naye jikoni, na akianguka karibu na mafiga, nani humshika?