Saa nane usiku, nimpigie nani?

Jirani yangu ni bibi mtu mzima aliyepooza upande wa kulia tangu mwaka juzi. Kitanda chake kimeegemea ukuta unaopakana na baa. Ijumaa moja nilikwenda kumjulia hali usiku, kwenye stuli kukawa na glasi ya maji ya kumezea dawa. Muziki ulipofunguliwa, maji yakaanza kutetema, viduara vidogo vikitoka katikati kwenda ukingoni kila besi ilipodunda. Bibi hakusema kitu. Alinyoosha mkono wa kushoto, akaivuta glasi mbali na ukingo wa stuli. Anajua itaanguka, maana ilishaanguka.

Nilienda kulalamika. Ofisi moja hapa Mtwara mjini ikaniambia nipeleke barua. Ya pili ikasema suala hilo linataka kipimo. Ya tatu ikanirudisha ile ya kwanza, eti nianzie mtaani. Siku tatu zikapita, na muziki ukawaka siku zote tatu.

Sheria zipo. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chini yake zikatungwa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za 2015, zenye kiwango cha mchana na cha usiku, cha usiku kikiwa chini zaidi. NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ndio waliopewa jukumu hilo kitaifa. Kanuni ya Adhabu nayo inahesabu usumbufu kwa umma kuwa kosa. Lakini vyote hivyo viko mbali na saa nane usiku. Kanuni inataka desibeli, yaani namba ya ukubwa wa sauti, mashine ya kuipima iko ofisini, na ofisi imefungwa. Asubuhi ikifunguliwa, spika zimeshazimwa na wahudumu wanafagia vizibo.

Hata kipimo kikija, besi inaweza kukiponyoka. Vipimo vingi husoma kwa mizani inayofuata sikio la mtu, na mizani hiyo inazipunguzia uzito sauti nzito. Sauti nzito ndizo zinazopita kwenye tofali na kumfikia mgonjwa. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 usiku, sauti ya kunong'onezana tu. Ninayoyasikia mimi kutoka kitandani kwangu hayana unong'ono wowote.

Kwa hiyo sheria ndogo za manispaa zisisubiri mashine. Ziandike wazi kwamba baada ya saa nne usiku, muziki ukisikika ndani ya chumba cha jirani, dirisha likiwa wazi, ni kosa. Dirisha likiwa wazi, nasisitiza. Joto la hapa mwezi wa kumi na mbili nani analala amefunga dirisha? Ukiweka sharti la madirisha kufungwa, umemwambia mlalamikaji achague kati ya kelele na jasho. Mashahidi wawe wakazi wa nyumba mbili tofauti, na ofisa aliyefika aandike alichosikia kwa masikio yake.

Aliyefika, lakini. Hapo ndipo kila kitu kinapokwama. Kila kata iwe na ofisa wa zamu wa Ijumaa na Jumamosi usiku, namba yake ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya mtaa na kwenye mlango wa baa yenyewe. Akipokea lalamiko aliandike kwenye daftari lenye kurasa za nakala, nami nibaki na yangu. Leo nikiulizwa nimelalamika mara ngapi sina cha kuonyesha, na mwenye baa anasema hajawahi kuambiwa.

Najua swali litakalokuja: na ngoma je? Huku kwetu huwezi kuongelea kelele za usiku ukauruka unyago. Mimi siutaki uguswe. Ngoma ya unyago ina mwanzo na ina mwisho. Mtaa mzima unajua wali, yaani wanaochezwa unyago, wanatoka lini, mwenye shughuli amepita nyumba kwa nyumba kualika, na jirani anayekosa usingizi usiku huo ndiye atakayekula pilau kesho yake. Mtu aliyealikwa havumilii kelele, anashiriki. Shida imekuja pale ngoma ilipopokewa na spika za kukodi, zikasimamishwa njia panda zikielekezwa kwa watu wasiohusika. Shughuli kama hiyo ipewe kibali chenye tarehe, jina la mwenye shughuli na saa ya kuzima spika. Ngoma za mkono waachieni kungwi na wenziwe.

Nyumba za ibada nazo nitazitaja kwa heshima. Adhana na kengele ni dakika chache, tumezaliwa tunazisikia. Mkesha ni jambo lingine: waumini wako ndani, spika zielekezwe ndani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mkono unaotoa kibali cha muziki, na kupokea chochote kinachoambatana nacho, ndio huo huo ninaoupelekea malalamiko. Hilo litenganishwe. Kibali kitoke sehemu moja, lalamiko lisikilizwe kwingine. Na adhabu ifike kwenye leseni. Faini inayolipwa kwa mauzo ya meza mbili ni gharama tu za biashara. Malalamiko matatu yaliyothibitishwa, leseni ya vileo ikiisha muda isihuishwe mpaka mwenye baa ajenge ukuta au ageuze spika.

Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982, sheria ndogo haitungwi kimyakimya. Wananchi wanatangaziwa watoe maoni, madiwani wanapitisha, waziri anaridhia, kisha inachapwa kwenye Gazeti la Serikali. Matangazo hayo tumezoea kuyapita ubaoni tukidhani ni ya ushuru. Nimeanza kukusanya sahihi za mtaa wetu kabla tangazo letu halijabandikwa. Ya kwanza kwenye karatasi ni ya bibi. Kalamu haishiki, kwa hiyo aliweka dole gumba la kushoto, akaniuliza kama lime­onekana vizuri.