Zakaria aliuliza, Mariamu naye aliuliza

Mwaka 1121, katika mtaguso, yaani mkutano wa viongozi wa Kanisa, wa Soissons, Ufaransa, mwalimu Pierre Abélard alilazimishwa kukitupa motoni kwa mkono wake mwenyewe kitabu alichoandika juu ya Utatu Mtakatifu. Kisha akawekewa mbele Kanuni ya Imani ya Mtakatifu Athanasi aisome, kama mtoto wa katekisimu, ilhali aliijua kwa moyo. Aliisoma huku akikatizwa na machozi.

Hakunyamaza. Katika *Sic et Non*, yaani Ndiyo na Siyo, alipanga maswali 158, kila moja akiliwekea maneno ya Mababa wa Kanisa, yaani walimu wakuu wa Kanisa la kale, yanayopingana, bila kutoa jibu. Swali la kwanza kabisa: je, imani itegemezwe kwa hoja za akili ya binadamu, au la? Utangulizi wake unaeleza nia: kwa kuona shaka tunauliza, na kwa kuuliza tunaufikia ukweli.

Bernard, abate, yaani mkuu wa monasteri, wa Clairvaux, aliona hapo hatari ya roho. Alishika neno la Papa Gregori Mkuu, kwamba imani haina stahili, yaani thawabu mbele ya Mungu, pale akili ya binadamu inapoleta ushahidi. Akamwandikia Papa Innocent II: Mariamu alisifiwa kwa kuitanguliza imani mbele ya akili, Zakaria, kuhani aliyemwuliza malaika atajuaje kwamba atapata mtoto, akaadhibiwa kwa kuijaribu imani kwa akili.

Ni hoja nzito, na simbezi Bernard. Anayemwamini mwenzake baada ya kumpekua mifuko hajamwamini, amemkagua tu. Na Mungu hapekuliwi.

Lakini fungua Luka sura ya 1. Mariamu naye aliuliza: "Litakuwaje neno hili?" Malaika hakumkemea. Alimweleza, tena akamtajia habari za Elisabeti, mgumba aliyekuwa tayari na mimba ya mwezi wa sita. Wote wawili waliuliza, basi. Zakaria hakuyasadiki aliyoambiwa. Mariamu alitaka kuelewa anachokwenda kukipokea. Mfano wa Bernard unamgeuka mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni mtaguso wa Sens, Ufaransa, miaka ishirini hivi baada ya Soissons. Abélard alikuja akitarajia mjadala wa hadharani. Jioni iliyotangulia, Bernard alikutana na maaskofu faragha, wakakubaliana kuzilaani hoja zake kabla hajafungua kinywa. Kesho yake Abélard alikataa kujibu, akakata rufaa Roma, na Roma ikamhukumu vilevile. Imani aliyoitetea Bernard haikuhitaji kulindwa kwa njia hiyo.

Karne iliyofuata, mwanateolojia Thomas Aquinas alilichukua neno lilelile la Gregori akaliweka mwanzoni mwa *Summa Theologiae*, kitabu chake kikuu cha teolojia, tena kama pingamizi dhidi yake mwenyewe. Jibu lake linampa kila upande haki yake: teolojia haitumii akili ili kuithibitisha imani, maana stahili ya imani ingetoweka, huitumia kuyaweka wazi mambo mengine yanayofundishwa, kwa kuwa neema haiyaondoi maumbile bali huyakamilisha. Ona pia mpangilio wenyewe: maneno ya wapinzani kwanza, jibu baadaye. Hiyo ni njia ya Abélard, sasa ikiwa na majibu.

Abélard hakuishi kuyaona hayo. Akiwa mgonjwa alipokewa na Petro, abate wa Cluny, akapatana na Bernard, akafariki mwaka 1142. Alikuwa amemwandikia Héloïse, mkewe wa zamani aliyekuwa sasa mtawa, kwamba hataki kuwa mwanafalsafa kwa kumkataa Paulo, wala kuwa Aristotle kwa kutengwa na Kristo.